Maneno Arobaini kwa Wiki

Matokeo ya mara ya pili yalinikuta ofisini kwa walimu, saa nne asubuhi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Simu ililia, nikafungua barua pepe, nikaziona alama zimepangwa kwenye mstari mmoja: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza. Chini yake wastani: sita. Chuo kilitaka sita na nusu. Mara ya kwanza nilipata sita vilevile. Mwaka mzima wa kujisomea ulikuwa haujanisogeza popote.

"Vipi, Mwalimu, wamejibu?" aliniuliza mwalimu wa hisabati kutoka meza ya jirani.

"Bado," nikasema.

Nilidanganya kwa sababu nilikuwa nimefundisha jiografia kwa Kiingereza kwa miaka kumi na mitano hapa Newala. Mtu anayesimama ubaoni kila siku na lugha fulani atawezaje kuwaambia wenzake kwamba lugha hiyohiyo imemkataa mara mbili? Nikamwaga chai nje ya dirisha, nikachukua chaki, nikaenda kufundisha mmomonyoko wa udongo. Sikumbuki hata neno moja nililosema.

Nilichokuwa natafuta ni ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili nje ya nchi. Masharti yake yalikuwa mawili: ufaulu ule mtihani wa Kiingereza, na uwe hujatimiza miaka arobaini. Dirisha la maombi lilifunguliwa mara moja kwa mwaka. Mwaka ule nilikuwa na thelathini na minane. Lingefunguliwa mara moja tu nikiwa bado ndani ya umri, kisha basi.

Watu huuliza kwa nini nilikitaka kitu hicho kiasi kile. Nilikuwa na kazi, mume, na watoto wawili. Mkubwa alikuwa bweni Masasi na mdogo alikuwa bado mikononi mwangu. Jibu langu si zuri sana. Nilitaka, walau mara moja, jina langu litokee kwenye orodha ya waliochaguliwa. Nimezaliwa Lukuledi kwenye nyumba ya mihogo na korosho, nikasoma kwa kubahatisha, nikapangiwa Newala, nikakaa. Kila kitu maishani mwangu nilipangiwa. Hiki nilikichagua mwenyewe.

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo, ambaye alishafaulu mtihani ule, ndiye aliyenieleza kinachonikwamisha. Alinipigia kutoka Dar es Salaam. "Sarufi yako haina shida," alisema. "Tatizo ni msamiati. Wewe kitu kikiwa kikubwa unasema kikubwa, kikizidi unasema kikubwa sana. Wenzako wana maneno kumi ya ukubwa." Akanitumia kitabu kwenye simu, msamiati wa Kiingereza wa ngazi ya juu. Kwenye jalada neno "advanced" lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyekundu. Ndani yake mlikuwa na maneno elfu mbili. Nikapiga hesabu: maneno arobaini kwa wiki, wiki hamsini.

Nilianza Jumatatu iliyofuata. Nilichana maboksi ya chaki nikakata vipande vya ukubwa wa kiganja, upande mmoja nikaandika neno la Kiingereza, upande wa pili Kiswahili chake. Asubuhi kabla ya shule nilikwenda navyo kwenye foleni ya maji. Newala mtu akipata maji siku mbili mfululizo anashukuru, kwa hiyo foleni ile ilikuwa na muda wa kutosha kusomea. Nilikaa juu ya dumu langu nikinong'ona. Kina mama walinizoea.

"Leo la ngapi, Mwalimu?" mmoja aliniuliza.

"La kumi na mbili. Scarce."

"Ndiyo nini?"

"Adimu."

"Kama maji?"

"Kama maji."

Wakacheka foleni nzima, na mimi nikacheka. Siku za mwanzo bado nilikuwa nacheka.

Kufikia mwezi wa pili niligundua kwamba kujisahihisha mwenyewe ni kujidanganya. Nilikuwa nageuza kadi kabla sijajibu, kisha najiambia nilijua. Nilihitaji mtu wa kunishikia kadi. Mume wangu ni karani wa ghala la chama cha msingi cha wakulima, na msimu wa korosho ukianza humwoni. Mtoto alikuwa mdogo. Akabaki mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuwa amehamia kwetu tangu baba mkwe alipofariki. Alikuwa Mmakonde wa hapahapa Newala, mwenye chale za zamani mashavuni na vidole vyeusi vilivyoungua kwa mafuta ya maganda ya korosho, maana alibangua tangu usichana wake. Lugha yake ilikuwa Kimakonde, yangu Kimakua, na katikati tulikutana kwenye Kiswahili. Shuleni hakuwahi kukaa. Mbele za watu aliniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, na tukiwa wawili aliniita mwanangu.

Alasiri moja alinikuta barazani nimefumba macho nabwabwaja.

"Niletee mimi hivyo vikaratasi," alisema.

"Mama, ni Kiingereza."

"Nimekwambia nitavisoma? Lete."

Akakaa kwenye mkeka, akaweka ungo kulia kwake na sufuria kushoto. Akainua kadi ya kwanza, maandishi ya Kiingereza yakinitazama mimi. Nikajibu. Akaitupa kwenye ungo. Ya pili nikajibu, ikaenda kwenye ungo. Ya tatu nilijibu pia, na nilijibu sawa, lakini akaiweka kwenye sufuria.

"Hiyo nimepata, mama."

"Umesita," alisema. "Kitu unachokijua huendi kukitafuta juu ya paa."

Ndivyo tulivyofanya kila alasiri, miezi minane. Hakujua herufi hata moja ya yale aliyoyashika, lakini alinisoma mimi. Akiona jicho langu limehama, sufuria. Akiona nimemeza mate, sufuria. Mwisho wa wiki niliyapitia ya kwenye sufuria, na kwa kweli ndiyo yaliyokuwa yakinitoka. Kadi zote zilikuwa na alama za vidole vyake.

Bado haikutosha. Maneno yalikuwa yanaingia mlango huu yanatokea ule. Nikifika wiki ya ishirini, ya wiki ya tatu yameshapotea. Nilianza kuyalazimisha darasani. Nikawaambia Kidato cha Pili kwamba umaskini ni "ubiquitous", badala ya kusema tu uko kila mahali, watoto themanini wakanikodolea macho, na mkuu wa shule akaniita akaniuliza kwa upole kama ninaumwa. Nyumbani nikawa mkali. Mwanangu alikuja siku moja kunionyesha jino lililong'oka, nikamwambia anasubiri nini, haoni nasoma? Akalificha jino mfukoni. Usoni mwake niliona kitu ambacho sikupenda kukiona, lakini nikaendelea na orodha.

Lilikuwepo neno moja, "acquiesce", kukubali kitu bila kupinga ingawa hukitaki. Neno hilo liliingia kwenye sufuria mara saba. Mara ya saba nilizinyakua kadi zote mikononi mwa mama nikazirusha uani. Kuku wakatawanyika. Nililia kwa sauti, mwanamke mzima.

Mama aliinuka polepole, akaenda akaziokota, akazipangusa vumbi kwa khanga. "Hili limekukataa mara saba," alisema. "Liache lipumzike. Na wewe pumzika."

"Sina muda wa kupumzika, mama. Nina wiki kumi na nne."

Alipoinama kuokota ile ya mwisho ndipo nilipoona mgongo wake. Mifupa ilikuwa imesimama chini ya blauzi kama vijiti. Nilijiuliza imetokea lini. Nilikuwa nimekaa mbele ya mwanamke yule kila alasiri kwa miezi, nikitazama kadi.

Nikaanza kumwangalia akila. Alikuwa hali. Ugali alikuwa anaupitisha kwa maji, kisha anasogeza sahani kwa mjukuu. Muhogo alikuwa ameuacha kabisa. Nilipombana akasema chakula kinasimama hapa, akagusa chini ya koo. Tangu lini? Tangu kabla ya mvua. Kwa nini hukusema? "Ulikuwa unasoma," alisema.

Tulimshusha Masasi, tukafikia kwa dada yangu anayeishi Mkomaindo, tukaenda hospitali. Wakampima, wakamwandikia rufaa ya hospitali kubwa ambako wanaingiza mpira wenye taa kooni. Akaenda na mume wangu, wakarudi, na baada ya wiki tatu bahasha ya majibu ikafika hospitali ya Masasi. Mume wangu alikuwa ghalani. Nilikwenda mimi na mama, asubuhi na mapema, tukapeana shikamoo na kila aliyekaa kwenye benchi, tukangoja daktari aje atufungulie.

Daktari alichelewa wodini. Bahasha niliyopewa mapokezi ilikuwa mapajani mwangu, haijagundishwa. Ningeweza kungoja, lakini nilikuwa mtu wa maneno arobaini kwa wiki, na nadhani kulikuwa na kiburi ndani yake. Nikaitoa karatasi.

Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Neno la kwanza lililonipiga lilikuwa "advanced". Nililijua kwa maana ya kitabu changu, ya ngazi ya juu, ya waliofika mbali. Nililisoma mara mbili kabla sijaelewa ni nini kilichofika mbali. Baada yake kulikuwa na neno la kuziba, na la kutofaa kupasuliwa, na mstari wa mwisho ukasema "palliative". Hayo yote yalikuwemo kwenye kadi zangu. Hakuna hata moja nililohitaji kulitafuta.

"Wanasemaje?" mama aliuliza.

"Kuna uvimbe mdogo," nikasema. "Watakupa dawa."

Alinitazama. Alikuwa ananitazama vilevile alivyozoea.

"Umesita."

Nikakunja karatasi. Mama mmoja aliyekaa pembeni yetu akageuza uso upande wa pili, akijifanya anamfunika mtoto wake.

"Isome kama ilivyoandikwa," mama alisema. "Nisomee neno, kisha unipe maana yake. Hiyo kazi unaiweza."

Nikasoma. Nilisema neno kwa Kiingereza, yeye akatikisa kichwa, nikasema maana. Nilipofika la mwisho nikasoma neno, maana yake nikaiacha.

"Na hilo?"

"Ni matibabu ya kupunguza maumivu, mama. Si ya kuponya."

Kisha akafunga upya khanga yake kichwani, akasema, "Haya. Sasa mrudishie mwenyewe karatasi yake, asije akakugombeza."

Daktari alipokuja, kijana mpole, alituketisha na kutueleza yote tena kwa Kiswahili kilichonizidi mimi. "Ugonjwa umekwenda mbali, mama," alimwambia. Mama akamjibu kwa heshima kana kwamba anasikia kwa mara ya kwanza. Alimshukuru. Sikuweza kuinua macho.

Mtihani wangu ulikuwa Jumamosi, wiki nne baada ya siku ile, Dar es Salaam. Tarehe hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla dirisha halijafungwa. Mume wangu alisema, "Nenda. Dada yangu atakuja kumwangalia." Dada yake hakuweza kuja, mwanawe alijifungua siku hizo. Wiki ya mtihani yenyewe mama akawa hapitishi hata maji. Nilimlowanisha midomo kwa pamba. Alhamisi, ambayo ndiyo nilitakiwa kupanda basi, begi langu lilikuwa limefungwa mlangoni. Saa kumi na moja alfajiri nililifungua nikatoa nguo moja moja nikazirudisha kabatini.

Kulipokucha akaniona nimevaa nguo za nyumbani.

"Hukwenda?"

"Sikwenda, mama."

"Nani alikutuma ubaki?"

"Ningekwenda, halafu nirudi nisikukute?"

"Usingenikuta," alisema kwa hasira, sauti ikikwaruza. "Ningekuwa nimekufa. Ningejuaje kama ulikuwepo au hukuwepo?"

Akageukia ukutani. Hakusema nami siku nzima ile wala ya pili yake.

Jumamosi aliamka vizuri. Siwezi kueleza ilivyokuwa. Aliamka, akaketi mwenyewe, akasema anataka kutoka nje aone jua. Mimi na mume wangu tukambeba kwenye kiti mpaka uani. Akaomba uji wa muhogo, mwembamba, akaunywa wote. Akaomba kikombe cha pili. Akamwita mjukuu wake akamhadithia namna walivyokuwa wakichota maji bondeni zamani, upande wa Ruvuma, wakipanda nayo kichwani ule mlima wote, na mtoto akawa anacheka.

Mimi nilikuwa jikoni naosha sufuria. Niliangalia saa ya simu. Sasa wameingia. Sasa wako kwenye kusikiliza. Sasa wamepewa karatasi za kusoma. Nje nikasikia anacheka, yule mwanamke niliyebaki kwa ajili ya kifo chake, anacheka, na nikamchukia. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, nikiwa na mikono ndani ya maji ya majivu. Nilisema kimoyomoyo, ungekufa jana. Nilisema maneno hayo kwa Kiswahili. Kisha nikatoka nikachukua kikombe chake, nikamuuliza kama ataongeza, akasema ametosheka, Mungu anibariki.

Aliishi miezi minne na siku kadhaa baada ya Jumamosi ile. Miezi minne nilimwosha, nikamgeuza, nikampa dawa ya maumivu kwa kijiko. Siku nyingine nilimpenda kuliko nilivyompenda mama aliyenizaa. Siku nyingine nilipiga hesabu ya mtihani ambao ningekuwa nimeshaufanya na kurudi na bado kumkuta. Kadi nilizitumia kuwashia mkaa. Zilishika moto haraka kwa sababu ya yale mafuta ya korosho.

Alifariki mchana, mvua kubwa ikipiga bati, mume wangu amemshika mkono mmoja na mimi mwingine. Kengele ya kanisa ikapigwa, watu wakajaa. Kina mama wa foleni ya maji walikuja kila mmoja na ndoo yake imejaa, wakaziweka mlangoni bila kusema kitu. Kwa Newala hiyo ni rambirambi kubwa kuliko zote.

Wiki chache baadaye nilitimiza miaka arobaini. Dirisha la maombi lilipofunguliwa tena niliwaandikia wafadhili. Nilieleza kilichotokea, nikaomba wanihesabie ule mwaka uliopotea. Niliiandika barua ile kwa siku nne. Kila neno nililohitaji lilikuja lenyewe likakaa mahali pake. Sikuwahi kuandika Kiingereza kama kile kabla, wala sijakiandika tena. Walijibu baada ya siku mbili, mistari mitatu, kwa adabu kabisa. Walisikitika. Umri hauna nafasi ya kujadiliwa.

Nilifuta barua yao, kisha nikaenda kwenye zilizofutwa nikaisoma tena, kisha nikaifuta na huko.

Bado nafundisha shule ileile. Kwa muda mrefu nilifanya kazi kama mtu aliyelala: naingia, naandika ubaoni, natoka. Watu walidhani ni msiba, na wakanihurumia, na huruma yao ilinichoma kwa sababu walinisifu. Kanisani mzee mmoja alisimama akasema mimi ni mfano wa wakwe. Nilitaka ardhi ipasuke.

Msimu wa korosho uliofuata, mume wangu alipata mapumziko ya siku tatu ghalani, tukaenda wawili shambani kuokota. Tulikuwa tumeinama, kila mtu na ndoo yake, tunatenga korosho na matunda yake, mabibo, harufu ya mabibo yaliyochacha imejaa hewani. Sijui kwa nini ilikuwa siku ile. Bila kuinua kichwa nikamwambia habari za Jumamosi ile ya mtihani. Nikamwambia nilivyosema jikoni. Nilimwambia yote, hata lile la ungekufa jana.

Hakusimama. Aliendelea kuokota, korosho nne, tano, nikazisikia zikigonga ndoo.

"Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba," alisema mwishowe. "Nilimsikia anaomba kikombe cha pili. Nikasema, mama, kwa nini leo."

Nikamtazama. Alikuwa amefumba macho, bibo mkononi, maji yake yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema hivyo."

Tulikaa chini palepale, kwenye majani makavu, mgongo wake umegusana na wangu. Hakuna aliyemfariji mwenzake. Baada ya muda akaniuliza kama nimechoka, nikasema bado, tukainuka tukaendelea mpaka mti ule ukaisha, tukahamia mwingine.